Hudibras Mbili za William Hogarth: Michoro Midogo ya Kitabuni au Chapa Kubwa 12?

Katika mwaka 1726 wasomaji wa London walipata kazi mbili tofauti zilizochongwa na mkono mmoja kwa ajili ya shairi moja. Ya kwanza ilikuwa kitabu kidogo cha kushikika kwa mkono mmoja, chenye shairi la Hudibras la Samuel Butler pamoja na michoro 17 ya William Hogarth, ukiwamo ule wa uso wa mshairi uliowekwa mwanzoni. Ya pili ilikuwa seti ya chapa 12 kubwa juu ya shairi hilohilo, iliyotolewa mwezi Februari na Philip Overton, muuza ramani na picha aliyekuwa na duka lake karibu na kanisa la St Dunstan katika mtaa wa Fleet Street, baada ya wanunuzi kujiandikisha mapema. Anayetaka leo kuisoma kazi ya mwanzo ya Hogarth, kuifundisha au kuinunua hukutana na jina la Hudibras na la Hogarth pande zote mbili, na mara nyingi huchukua moja bila kujua kwamba ameiacha nyingine.

Kosa hilo limekuwa rahisi zaidi tangu picha hizi zianze kutazamwa kwenye skrini. Kwenye simu, mchoro wa kitabuni wenye urefu wa takriban sentimita 12 na chapa yenye upana wa karibu sentimita 35 huonekana kuwa na ukubwa uleule, na hapo mtazamaji huona tu kwamba mmoja una watu wengi na mwingine una watu wachache, akaamua kwamba ule wenye watu wengi ndio bora. Nakubali kwamba chapa kubwa ni sanaa ya juu zaidi. Hata hivyo, nitaeleza kwa nini ubora huo hautoshi kuzifanya ziwe chaguo sahihi kwa kila mtu, na kwa nini msomaji wa kitabu, hasa, atakuwa amejinyima kitu akizipuuza zile ndogo.

Kabla ya kulinganisha, nitaje jambo moja linalowatatiza wengi. Seti kubwa hutajwa kwa mwaka 1725 mahali pamoja na kwa mwaka 1726 mahali pengine, na si kwamba kuna matoleo mawili. Hadi mwaka 1752 mwaka wa kisheria wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, kwa hiyo Februari ile, kwa hesabu yao, ilikuwa bado ndani ya 1725.

Shairi lenyewe halina budi kuelezwa, kwa kuwa ndilo kipimo cha kazi zote mbili. Butler, aliyefariki maskini mwaka 1680, alilitoa kwa sehemu tatu zenye tarehe za 1663, 1664 na 1678, baada ya ufalme kurudishwa Uingereza. Sir Hudibras ni mwungwana mpanda farasi, hakimu na kanali wa upande wa Wapresbiteri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uingereza, ambaye anatoka na mfuasi wake Ralpho kwenda kuisafisha nchi na michezo na sherehe za watu wa kawaida. Anakuta watu wamekusanyika kuwashindanisha dubu na mbwa, anataka kuwatawanya, na mapigano yanazuka. Anamshinda mpiga fidla Crowdero, mwenye mguu mmoja wa mti, na kumfungia kwenye mkatale. Kisha mwanamke aitwaye Trulla anamwangusha yeye mwenyewe, na mkatale uleule unamfunga Hudibras pamoja na Ralpho. Baadaye kuna mjane tajiri anayemtaka kwa ajili ya mali yake, kuna mnajimu Sidrophel anayepigwa, na mwishoni kuna mwanasheria anayeshauriwa jinsi ya kumnasa mjane yule.

Mistari ya Butler ni mifupi, yenye silabi nane nane, na kila miwili inafungwa kwa kina kimoja, mara nyingi kina cha kuchekesha kwa makusudi. Msomaji aliyelelewa na tenzi, ambamo kila kipande hubeba mizani nane, atautambua mwendo huo mara moja, ule mwendo wa kwenda mbele bila kuchoka. Tofauti ni kwamba tenzi za mashujaa hutumia mwendo huo kumkweza shujaa, na Butler anautumia kumvua nguo moja baada ya nyingine. Anatueleza kwamba ndevu za Hudibras zimekatwa na kupakwa rangi kama kigae. Kwamba upanga wake umelala katika ala kwa muda mrefu mpaka kutu imeanza kuula. Kwamba suruali yake imejazwa chakula cha safari. Na kwamba amevaa chuma kimoja tu cha kumchomea farasi ubavuni, kwa hoja kwamba upande mmoja wa farasi ukikimbia, upande wa pili hautabaki nyuma. Shairi hili linaishi kwa vitu vidogo vya namna hii, na hapo ndipo ulinganisho wetu unapoanza kuwa na maana.

Michoro midogo ilitoka kwa kijana aliyefundishwa kuchonga fedha. Hogarth alizaliwa London tarehe 10 Novemba 1697. Baba yake, mwalimu, aliwahi kufungwa katika gereza la Fleet kwa sababu ya madeni, na kijana akapelekwa kujifunza kazi kwa Ellis Gamble, aliyechonga nembo za familia kwenye vyombo vya fedha. Mwaka 1720 alianza kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe, na wauza vitabu wakawa miongoni mwa waliomlisha. Katika kazi hizo mchongaji hakuwa na uhuru mwingi: muuza vitabu aliamua ukubwa wa kitabu, idadi ya picha na mara nyingi hata tukio la kuonyeshwa. Michoro midogo ya Hudibras inabeba alama za utaratibu huo, kwa kuwa imeegemea waziwazi michoro ya toleo la mwaka 1710 iliyochongwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Matukio mengi ni yaleyale, na mara nyingi hata mpangilio wa watu umefuatwa.

Wapo wanaoihesabu hiyo kuwa sababu ya kutosha ya kuiacha seti ndogo, wakisema kwamba hapo Hogarth alikuwa ananakili tu. Naona wanaharakisha. Mtu akiweka mchoro wa 1710 kando ya ule wa Hogarth, ataona kwamba yule wa awali aliwasimamisha watu ili waonekane, ilhali Hogarth amewapa uzito: mtu anayeanguka anaanguka kweli, na farasi aliyekonda anabeba mzigo unaomwelemea. Katika nafasi isiyozidi kiganja cha mkono hakuna pa kuweka umati, kwa hiyo analazimika kuchagua ishara moja ya mwili itakayolibeba tukio zima. Hiyo ni shule ngumu, na ndiyo iliyomtayarisha kwa kazi zilizofuata.

Zaidi ya hapo, mchoro mdogo unakaa mahali pake. Kurasa za maneno zilichapwa kwa herufi za risasi zilizoinuka, ambapo wino unakaa juu. Picha zilichapwa kutoka bamba la shaba lililochimbwa, ambapo wino unakaa ndani ya mifereji na karatasi iliyoloweshwa inaufuata humo chini ya mashinikizo ya magurudumu. Kwa kuwa njia hizo mbili hazikuweza kupita katika mashine moja kwa pamoja, picha zilichapwa peke yake na kuingizwa kati ya kurasa wakati wa kujalidi. Msomaji wa mwaka 1726 alikuwa anasoma mistari, anageuza karatasi, anakutana na Hudibras juu ya farasi, kisha anarudi kwenye mistari. Jicho lilikwenda na kurudi kati ya chuma kile kimoja cha kumchomea farasi kinachosimuliwa na mguu ule unaoonekana. Huo ndio mchoro wa kitabu kwa maana yake kamili, na seti kubwa haiwezi kuutoa hata kidogo, kwa sababu hakuna kitabu kilichokusudiwa kuibeba.

Chapa kubwa zina tabia nyingine kabisa. Nyingi zina takriban sentimita 25 kwa 35, na ile ya maandamano ya Skimmington inafikia upana wa karibu sentimita 50. Hogarth aliacha mfano wa 1710 akapanga kila tukio upya, na chini ya picha zikachongwa beti chache za Butler, kiasi cha kumkumbusha mtazamaji yuko wapi katika hadithi. Seti ilitolewa kwa heshima ya watu wawili, William Ward wa Great Houghton katika Northamptonshire na Allan Ramsay wa Edinburgh, mshairi na muuza vitabu, ambaye alijiandikisha kwa seti 30. Idadi hiyo inaonyesha kwamba kazi hii ililengwa tangu mwanzo kwa soko la picha: kwa kuta, kwa majalada ya wakusanyaji, na kwa madirisha ya maduka ambako wapita njia wasio na fedha ya kununua nao walisimama kutazama.

Chapa ya kwanza ya seti kubwa inatangaza nia yake bila kificho. Mwaka 1721 John Barber, mchapaji, alikuwa amemjengea Butler kumbukumbu katika kanisa la Westminster Abbey, zaidi ya miaka 40 baada ya kufa kwake, na miaka mitano baadaye Hogarth naye akamjengea mshairi kumbukumbu ya wino. Kwenye jiwe la msingi la kumbukumbu hiyo kuna nakshi inayoonyesha roho ya kipaji cha Butler ikiwa ndani ya gari la kukokotwa, ikiwachapa viboko Hudibras na Ralpho kuuzunguka Parnassus, mlima wa ushairi katika hadithi za Wagiriki wa kale. Nao wanasimama badala ya Uasi, Unafiki na Ujinga, maovu yaliyotawala zama zao kama maelezo yaliyochongwa pamoja na picha yanavyosema. Kitabu kidogo kinafunguliwa na uso wa Butler: huyu ndiye aliyeandika, sasa soma. Seti kubwa inafunguliwa na hoja ya mchoraji kuhusu kazi ya kejeli yenyewe, kwamba ni adhabu ya hadharani. Sijui tofauti nyingine inayoonyesha wazi kiasi hicho kwamba katika seti ya pili mchongaji ameacha kuwa mtumishi wa kitabu.

Tukio ninalopendekeza litumiwe kama kipimo ni lile la Skimmington, kwa sababu lipo katika seti zote mbili na ni tukio lenye fujo nyingi kuliko yote. Skimmington yalikuwa maandamano ya kijiji ya kumfedhehesha mume aliyepigwa na mkewe: watu walibeba vyungu na pembe, wakapiga kelele, na wawili wakapandishwa juu ya farasi wakiigiza wanandoa hao. Butler anaeleza kwamba mbele yao gauni la ndani la mwanamke lilipeperushwa kama bendera, na kwamba mume aliyeshindwa alishika vifaa vya kusokotea uzi, ambavyo vilihesabiwa kuwa vya wanawake. Hudibras, ambaye hawezi kupita penye sherehe bila kuihutubia, anaisimamisha na kuikemea kuwa ni desturi ya kipagani, naye anapopolewa kwa mayai.

Katika mchoro mdogo tunaona mgongano: Hudibras, farasi, wale wawili wa juu ya farasi mwingine, na watu wachache wanaotosha kutufahamisha kwamba ni umati. Msomaji anaelewa mara moja na kurudi kwenye maneno, ambayo ndiyo yanayobeba kelele. Katika chapa kubwa kelele imehamia ndani ya picha. Maandamano yanasonga kutoka upande hadi upande kama mto, kila mtu akiwa na chombo chake na uso wake, na watafiti wa sanaa wameona nyuma yake mpangilio wa maandamano ya Bacchus na Ariadne ambayo Annibale Carracci aliyachora kwenye dari ya jumba la Farnese mjini Roma. Ikiwa ndivyo, basi Hogarth amefanya kwa picha jambo lilelile alilofanya Butler kwa mistari: amechukua umbo tukufu lililotengenezwa kwa ajili ya miungu na kulivalisha wanakijiji wenye vyungu. Mwalimu wa uchoraji wa vibonzo anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi dhihaka inavyoweza kukaa katika mpangilio wenyewe wa picha, na si katika pua ndefu na matumbo makubwa tu, hatapata mfano bora kuliko huu. Kwa kazi hiyo mchoro mdogo hauna cha kumpa.

Chapa ya kuchomwa kwa matako ya nyama pale Temple Bar inaongeza jambo jingine. Mwezi Februari 1660 wakazi wa London walichoma vipande hivyo vya nyama barabarani ili kulidhihaki Bunge lililobaki baada ya wengi kufukuzwa, ambalo jina lake la utani lilimaanisha tako la mnyama. Hogarth ameliweka tukio hilo mbele ya lango la Temple Bar lililojengwa upya baadaye, miaka ya mwanzo ya 1670. Sidhani kwamba ni kutojua historia, kwa kuwa lango hilo lilikuwa hatua chache kutoka duka la Overton na kila mnunuzi wa chapa hii alipita chini yake. Hogarth amelitoa tukio katika miaka ya babu zao na kuliweka mtaani kwao. Kadhalika chapa ya Kamati inawaonyesha wakubwa wa chama wakiwa wamekaa katika shauri, na ndani yake Hudibras hayumo kabisa. Mchoro wa kitabu ungesita kumwacha shujaa wa kitabu nje. Seti kubwa inaweza, kwa sababu shujaa wake halisi ni umati wa London.

Kwa anayetaka kununua, maswali ni mengine na yanahitaji tahadhari zaidi, nami nitakaa hapo kidogo. Bamba la shaba huchakaa. Mchongaji hulifunika kwa nta au vanishi, akakwaruza kwa sindano, akaliweka kwenye asidi inayokula sehemu zilizo wazi, kisha akaimarisha mistari kwa patasi ndogo ya chuma inayosukumwa kwa kiganja. Kila nakala inapochapwa na bamba kupanguswa wino, mistari myembamba hupungua kina; baada ya nakala nyingi vivuli hufifia na nyuso hupoteza uhai, mpaka mtu akazichonga upya. Duka la Overton lilipita baadaye kwa Robert Sayer, ambaye alizichapa chapa kubwa akiwa ameandika jina lake mwenyewe chini. Chapa yenye jina la Sayer imetoka katika bamba lilelile alilochonga Hogarth, kwa hiyo si ya bandia, lakini haina mng'ao wa zile za Overton na haistahili bei yake. Soma jina lililo chini kabla ya kuutazama uso wa Hudibras.

Upande wa michoro midogo hatari iko kwingine. Kwa kuwa ni karatasi zilizoingizwa kati ya kurasa, ni rahisi kuzitoa, na kwa miaka karibu 300 watu wamekuwa wakizitoa na kuziuza moja moja. Kwa hiyo kitabu cha 1726 kinachouzwa kwa bei ya kuvutia kinapaswa kuhesabiwa picha zake kabla ya jambo jingine lolote. Vilevile lipo toleo la mwaka 1744 lililohaririwa na Zachary Grey na kuchapwa Cambridge kwa juzuu mbili, ambalo picha zake hutajwa kuwa za Hogarth ingawa aliyezichonga ni J. Mynde akimfuata Hogarth. Kwa msomaji, toleo la Grey lina thamani kubwa mno, kwa kuwa maelezo yake juu ya watu na vita vya karne ya 17 ni mengi na bila hayo nusu ya vichekesho vya Butler hupotea. Kwa anayetafuta mkono wa Hogarth juu ya shaba, si hilo. Tena, kuelekea mwisho wa karne ya 18 Thomas Cook alizichonga upya kazi za Hogarth kwenye mabamba mapya, nazo huuzwa leo zikiwa na jina kubwa la Hogarth na jina dogo la Cook pembeni.

Muuzaji mmoja aliwahi kunionyesha chapa moja kubwa ya seti hii akisema ni ya mwaka wa kwanza. Niliiinua kwenye dirisha. Karatasi za mwaka 1726 zilitengenezwa juu ya kalibu ya nyaya, na mwanga ukipita ndani yake huonyesha mistari myembamba iliyobanana pamoja na mingine iliyoachana. Karatasi ile ilikuwa laini na sawasawa kila mahali, aina ambayo ilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1750 na kuenea baadaye sana. Nilimweleza kwa heshima, akaipunguza bei, nami sikuinunua. Kutazama dhidi ya mwanga hakugharimu chochote, na ni afadhali kuliko vyeti vingi vinavyoambatanishwa na picha. Angalia pia kama lile bonde dogo lililoachwa na ukingo wa bamba kwenye karatasi bado lipo pande zote nne, kwa sababu wajalidi wa zamani walikata pambizo bila huruma.

Kuna suala la haki ambalo mimi binafsi nalipa uzito. Katika seti zote mbili mabamba yalikuwa ya wauzaji na si ya mchongaji. Hogarth alikuwa ameonja uchungu wa biashara hiyo mwaka 1724, alipotoa kwa fedha zake mwenyewe picha ya kudhihaki michezo ya kuigiza na opera za London, akakuta nakala za wizi zikiuzwa madukani kwa nusu ya bei huku zake zikirudishwa. Uchungu huo ndio uliomsukuma baadaye, yeye na wachongaji wenzake, kulishawishi Bunge kupitisha sheria ya mwaka 1735 iliyowapa wachongaji haki ya kazi zao kwa miaka 14. Kwa hiyo anayetaka kumwona Hogarth aliye huru kabisa, mwenye wazo lake, bamba lake na duka lake, asichague Hudibras yoyote kati ya hizi. Aende kwenye seti za miaka ya 1730 na kuendelea. Hudibras zote mbili ni kazi za mtu wa miaka 28 anayefanya kazi chini ya wengine, na kubwa inavutia kwa sababu tunamwona akiisukuma dari.

Niongeze kwa ufupi kwamba wengine hupendekeza badala yake michoro aliyochonga kwa kitabu cha safari za Aubry de La Mottraye, kilichotoka London katika miaka hiyohiyo na ambacho jina lake linataja Ulaya, Asia na sehemu ya Afrika. Kwa anayetafuta dhihaka, hilo si chaguo. Humo Hogarth anachonga aliyoyaona msafiri, kwa mkono mtiifu.

Basi nani achukue ipi? Mwalimu wa sanaa, mchora vibonzo, na mtu anayetaka picha ya kuweka ukutani na kuitazama kwa miaka, wachukue seti kubwa, na wakishindwa kuipata yote waanze na Skimmington, kisha ile ya kuchomwa kwa nyama. Anayetaka kufuata jinsi wazo lilivyokua atapata pia michoro ya awali ya seti hiyo iliyohifadhiwa katika mkusanyiko wa kifalme pale Windsor, jambo linaloipa seti kubwa faida nyingine kubwa kwa masomo. Mkusanyaji mwenye fedha kidogo atafute chapa moja nzuri yenye jina la Overton badala ya seti nzima yenye jina la Sayer. Asiye na fedha kabisa hana sababu ya kusikitika, kwa kuwa British Museum na Metropolitan Museum ya New York zimeweka mtandaoni picha za chapa za Hogarth ambazo mtu yeyote anaweza kuzitazama kwa ukaribu kuliko alivyoweza mpita njia wa Fleet Street.

Msomaji wa shairi, na mtu yeyote anayeshughulika na kutengeneza vitabu vyenye picha, achukue seti ndogo. Ninajua kwamba ushauri huu unakwenda kinyume na mazoea, kwa kuwa vitabu vya historia ya sanaa huitaja seti ndogo kwa sentensi moja na kupita. Lakini vitabu hivyo vinapima picha dhidi ya picha, wakati mchoro wa kitabu unapaswa kupimwa dhidi ya ukurasa uliopo mkabala nao. Ukubwa wake mdogo unaliachia neno nafasi. Uchache wa watu wake unaliachia shairi umati wake. Hata kuegemea kwake mfano wa 1710 kunatuonyesha jinsi wasomaji walivyokuwa wamezoea kuliona tukio hilo, na ni wapi mchongaji mpya alithubutu kuligeuza.

Kwa yeyote ambaye bado anasita, nina njia rahisi ya kuamua. Pakua Skimmington zote mbili, uzichape kwa ukubwa wake halisi, moja kwenye karatasi ya kiganja na nyingine kwenye karatasi mbili zilizounganishwa, kisha usome kwa sauti sehemu ya shairi inayohusika, ukiwa na ile ndogo mkononi na ile kubwa ukutani. Nilifanya hivyo pamoja na rafiki mmoja mchora vibonzo. Tulipofika kwenye mayai yeye alikuwa ameshainuka na kusimama mbele ya ukuta, akiwahesabu watu mmoja mmoja kwa kidole, na alichukua ile kubwa. Mimi nilibaki nimekaa na karatasi ndogo ndani ya kitabu, nikirudi kwenye mstari niliouacha, nayo iko humo hadi leo.